Usipoziba ufa wa programu, utajenga mfumo upya

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

NI vigumu kumpata mkazi wa Jiji la Mwanza ambaye hajawahi kuambiwa dirishani kwamba mfumo uko chini. Huambiwa hivyo mteja benki, mgonjwa hospitalini, na msafiri aliyedamka alfajiri kukata tiketi ya kwenda Nansio. Lawama hupelekwa kwa umeme au kwa mtandao, nao waliopanga foleni husonya na kurudi siku ya pili.

Ni kweli kwamba mara nyingine umeme ndio wenye kosa. Hata hivyo, zipo siku ambazo umeme upo, mtandao upo na kompyuta ni nzima, lakini mfumo unatoa hesabu isiyo sahihi, au unagoma kabisa baada ya kufanyiwa badiliko dogo ambalo wahusika waliahidi lingekamilika kwa siku moja.

Katika hali kama hiyo ugonjwa huwa umo ndani ya msimbo, yaani yale maelekezo ambayo mtunzi wa programu huyaandika ili kompyuta iyafuate. Makala haya yanaeleza jinsi ufa wa aina hiyo unavyotokea, jinsi wataalamu wanavyoutambua, na jinsi unavyoweza kuzibwa bila kusimamisha huduma.

Nyuma ya dirisha

Mfumo wa huduma una pande mbili. Upande wa mbele ni ule unaoonekana kwenye kioo cha simu au cha kompyuta: vitufe, rangi na sehemu za kujaza majina. Upande wa nyuma hukaa kwenye seva, na huko ndiko ombi linakopokewa, nafasi inakokaguliwa, nauli inakokokotolewa na kumbukumbu zinakoandikwa kwenye kanzidata.

Upande wa mbele ukiwa na kasoro, mteja huiona mara moja na kulalamika. Upande wa nyuma ukiwa na kasoro, yaweza kupita miaka bila mtu kujua, hadi siku hesabu zinapokataa kulingana.

Programu hailiwi na mchwa wala haishiki kutu. Inachakazwa na mabadiliko ya dunia inayoizunguka. Tangu mwaka 1974, mtafiti Meir Lehman alieleza kwamba programu inayotumika katika shughuli za watu hulazimika kubadilishwa daima, na kwamba kadiri inavyobadilishwa ndivyo inavyozidi kuwa tata, isipokuwa pale inapofanyika kazi ya makusudi ya kupunguza utata huo.

Kwa Tanzania mifano iko karibu. Mwaka 2009 Kodi ya Ongezeko la Thamani ilishushwa kutoka asilimia 20 hadi 18. Mwaka 2012 ulianzishwa Mkoa wa Geita, na Wilaya ya Geita iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Mwanza ikahamia huko, wakati Busega, iliyomegwa kutoka Magu, ikaenda katika Mkoa mpya wa Simiyu. Tarehe 15 Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, Septemba mwaka huo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena.

Kwa mwananchi, hayo ni mabadiliko ya sheria na ya mipaka. Kwa mtunzi wa programu, kila moja ni swali: ni mahali pangapi ndani ya msimbo palipoandikwa 20? Ni mahali pangapi palipoandikwa kwamba Geita iko Mwanza? Kama jibu ni mahali pamoja, kazi ni ya saa moja. Kama hakuna anayejua jibu, hapo ndipo ufa ulipo.

Karani na shilingi 60,000

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni moja ya boti inasafirisha abiria na mizigo kati ya Mwanza na Ukerewe. Nauli ya mtu mzima ni Sh8,000 na mtoto hulipa nusu, yaani Sh4,000. Mfumo wake ulitengenezwa kwa haraka, na hesabu ya nauli imeandikwa mara tatu: mara ya kwanza katika tiketi za dirishani, mara ya pili katika malipo ya simu, na mara ya tatu katika ripoti ya mwisho wa siku.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Mtunzi wa programu aliandika hesabu ya dirishani kwanza. Malipo ya simu yalipokuja, akainakili na kuibandika. Mhasibu alipohitaji ripoti, akainakili tena.

Siku moja mwenye kampuni anaamua mtoto alipe robo badala ya nusu. Mtunzi wa awali amekwishaacha kazi, na kijana aliyepokea nafasi yake anapata hesabu ya dirishani na ile ya simu, anazirekebisha, anajaribu tiketi mbili tatu na kuridhika. Ya ripoti haijui.

Kuanzia kesho yake, karani wa dirishani anamtoza mtoto Sh2,000 kama alivyoagizwa, lakini ripoti inasema alipaswa kukusanya Sh4,000. Watoto 30 wakisafiri kwa siku, kunaonekana upungufu wa Sh60,000. Jioni ya kwanza karani anaulizwa. Jioni ya tatu anaitwa mwizi.

Mfumo haukuzima na hakuna aliyeambiwa kwamba uko chini. Kila sehemu ilifanya kama ilivyoandikiwa, na aliyeumia ni mtu ambaye hajawahi kuona hata mstari mmoja wa msimbo huo.

Dalili za msimbo mgonjwa

Mwaka 1999 Mwingereza Martin Fowler alichapisha kitabu kuhusu upangaji upya wa msimbo, yaani kubadilisha mpangilio wa ndani wa programu bila kubadilisha kile inachokifanya kwa mtumiaji. Katika kitabu hicho, yeye na Kent Beck walizifananisha dalili za msimbo mgonjwa na harufu. Harufu mbaya si ushahidi kwamba samaki ameoza, lakini ni sababu ya kutosha ya kumkagua.

Dalili ya kwanza ni ile tuliyokwisha kuiona, ya hesabu moja kuandikwa mahali pengi. Ni ya kawaida kuliko zote, kwa kuwa kunakili ni rahisi kuliko kufikiri.

Ya pili ni fungu la maelekezo lililorefuka kupita kiasi. Fungu lililoanza kwa kukokotoa nauli tu, baada ya miaka mitano linakokotoa nauli, linatuma ujumbe wa simu, linapunguza idadi ya viti na kuandika taarifa za mhasibu. Anayetaka kugusa ujumbe wa simu analazimika kupita katikati ya nauli.

Ya tatu ni tarakimu zisizo na jina. Msomaji wa msimbo anayekutana na 18 hawezi kujua kama ni asilimia ya kodi, ni umri wa mtu mzima, au ni idadi ya viti. Akiamua kubadilisha kila 18 anayoiona, atabadilisha kodi na umri kwa pamoja.

Ya nne ni masharti yaliyofungamana: kama ni mtoto, na kama ni siku ya sikukuu, na kama amelipa kwa simu, isipokuwa kama ana tiketi ya kwenda na kurudi. Mwaka 1976 Thomas McCabe alipendekeza njia ya kupima utata huo kwa kuhesabu njia zinazojitegemea ambazo maelekezo yanaweza kupita ndani ya fungu moja. Kila sharti jipya huongeza njia, naye alipendekeza kwamba njia zikizidi 10, fungu hilo ligawanywe au liandikwe upya.

Ya tano ni msimbo mfu, yaani maelekezo ambayo hayatumiki tena lakini yameachwa yalipo kwa hofu kwamba huenda siku moja yatahitajika. Ya sita, na pengine mbaya kuliko zote, ni kutokuwapo kwa majaribio ya kuthibitisha kwamba mfumo bado unafanya kazi yake baada ya kuguswa.

Aidha, si kila dalili inastahili kutibiwa leo. Fungu tata ambalo halijaguswa kwa miaka mitano na linatoa majibu sahihi laweza kuachwa lilale. Fungu tata linalobadilishwa kila mwezi ndilo la kuanza nalo, kwa kuwa kila badiliko ni nafasi nyingine ya kukosea. Programu za kutunza historia ya msimbo, kama Git iliyoanzishwa mwaka 2005, huonyesha ni faili lipi limebadilishwa mara ngapi, na nani, na lini. Ukiiweka historia hiyo pamoja na kipimo cha utata, mahali pa kuanzia hujionyesha.

Namna ya kuziba ufa

Kosa la kwanza la wengi ni kuanza kurekebisha kabla ya kupima. Michael Feathers, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu msimbo uliorithiwa, alifundisha kwamba kazi ianze kwa kuandika majaribio yanayonasa kile ambacho mfumo unakifanya leo, hata kama baadhi yake ni makosa.

Katika mfano wetu wa boti, mtaalamu ataandika orodha ya safari: mtu mzima mmoja, mtoto mmoja, mtu mzima mwenye magunia mawili, familia ya watu watano, tiketi iliyofutwa. Kwa kila moja ataandika jibu linalotolewa na dirisha, na simu, na ripoti. Hapo hapo, kabla hajagusa lolote, atagundua kwamba kwa mtoto, dirisha na simu zinasema 2,000 na ripoti inasema 4,000. Karani angekuwa amesafishwa jina siku hiyo hiyo.

Hatua inayofuata ni kutengeneza fungu moja la kukokotoa nauli na kulipa jina linaloeleweka. Kwanza dirisha linaelekezwa kulitumia, kisha majaribio yote yanaendeshwa. Yakifaulu, badiliko linahifadhiwa katika historia. Halafu inafuata simu, na majaribio yanaendeshwa tena. Kila hatua iwe ndogo kiasi kwamba ikikosewa, inarudishwa nyuma kwa dakika chache.

Ripoti inahitaji uangalifu wa peke yake. Ikianza kutumia fungu hilo jipya, majibu yake yatabadilika, na hapo kazi si kupanga upya tena bali ni kusahihisha kosa. Wataalamu husisitiza kwamba mambo hayo mawili yasifanywe kwa pigo moja. Mhasibu aarifiwe, tarehe ikubaliwe, na sahihisho liingizwe peke yake ili likileta mushkeli ijulikane limetoka wapi.

Baada ya hapo viwango vinatolewa ndani ya msimbo na kuwekwa kwenye jedwali la kanzidata, kila kiwango kikiwa na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Faida yake ni kwamba ripoti ya mwaka jana itaendelea kukokotolewa kwa viwango vya mwaka jana. Mfumo wa malipo uliojengwa hivyo ungeyapokea mabadiliko ya tozo ya 2021 na 2022 kwa kuongeza mistari michache kwenye jedwali.

Njia hiyo si ya nadharia tu. DHIS2, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo na inayotumika Tanzania kukusanya takwimu za vituo vya afya, huuhifadhi mpangilio wa mikoa, wilaya na vituo kama taarifa ambazo msimamizi anaweza kuzibadilisha, badala ya kuuandika ndani ya msimbo. Mfumo wa namna hiyo haulazimiki kuandikwa upya kila mkoa mpya unapozaliwa.

Dakika 45 za Agosti 2012

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya usafi tu, akumbuke yaliyoipata kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa, Knight Capital. Ndani ya mfumo wake kulikuwa na msimbo ambao kampuni ilikuwa imeacha kuutumia tangu mwaka 2003, lakini haikuuondoa. Mwaka 2005 sehemu iliyokuwa ikihesabu kama agizo la mteja limekwisha kutimizwa ilihamishwa kwenda mahali pengine katika programu, na msimbo ule wa zamani haukujaribiwa tena.

Mwaka 2012 watunzi wake waliandika msimbo mpya na kuupa alama ya kuuamsha ambayo zamani ilikuwa ikiuamsha ule msimbo mfu. Msimbo mpya ulipaswa kuwekwa kwenye seva nane. Uliwekwa kwenye saba.

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012, seva ya nane ilipoona ile alama iliamsha msimbo wa zamani, ambao sasa haukuwa na njia ya kujua kwamba agizo limekwisha timizwa, ukaendelea kupeleka maagizo sokoni bila kukoma. Kwa muda wa dakika 45 hivi kampuni ilijikuta imefanya biashara zaidi ya milioni nne, na hasara yake ikapita dola milioni 460. Mwaka uliofuata ilitozwa faini ya dola milioni 12 na mamlaka ya usimamizi wa masoko ya hisa, na ikaunganishwa na kampuni nyingine.

Msimbo mfu ulioachwa, alama iliyotumika kwa maana mbili, na sehemu iliyohamishwa bila majaribio: dalili zote zilikuwapo kwa miaka kadhaa.

Kubomoa au kukarabati?

Swali linaloulizwa na wakuu wengi wa taasisi ni hili: kama mfumo ni mbovu kiasi hicho, kwa nini usitupwe na kujengwa mwingine?

Mara nyingine jibu ni ndiyo. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, magharibi mwa Kenya, kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliotengenezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, kwa kutumia programu ya Microsoft Access. Ulikuwa mfumo wa kituo kimoja, ukaja kuhudumia pia mpango wa tiba ya Ukimwi uliokua kwa kasi.

Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, waliona kwamba msingi ule usingeweza kuubeba mzigo uliokuwa ukija. Wao na wenzao wakaanza kujenga mfumo mpya uliopewa jina la OpenMRS, ambao ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006.

Moyo wa OpenMRS ni kamusi ya dhana. Daktari akitaka kuanza kurekodi kipimo kipya, kipimo hicho huongezwa kwenye kamusi kama taarifa, bila kuongeza safu mpya kwenye kanzidata. Mifumo ya KenyaEMR na UgandaEMR, inayotumika katika vituo vya afya vya nchi hizo, imejengwa juu ya msingi huo.

Hata hivyo, kubomoa kuna gharama zake. Kampuni ya Netscape, iliyokuwa ikiongoza kwa programu ya kuperuzi intaneti, mwaka 1998 iliamua kuandika programu yake upya. Toleo lililofuata lilitoka Novemba 2000, na wakati huo Microsoft ilikuwa imekwisha kuliteka soko. Msimbo wa zamani, pamoja na ubaya wake wote, huwa umebeba majibu ya maswali mengi ambayo hakuna aliyeyaandika mahali pengine.

Wakazi wa Kanda ya Ziwa wanaijua njia ya kati. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu, lilifunguliwa Juni 2025. Wakati wote wa ujenzi vivuko viliendelea kuvusha watu na magari pale pale, na hakuna aliyeambiwa asubiri daraja likamilike ndipo avuke. Mfumo mpya hupaswa kujengwa vivyo hivyo, kando ya ule wa zamani, huku huduma zikihamishwa moja baada ya nyingine.

Deni na mlipaji

Mwaka 1992 Mmarekani Ward Cunningham aliufananisha msimbo uliokamilishwa kwa haraka na mkopo. Kukopa si dhambi, kwa kuwa humwezesha mtu kuanza biashara mapema. Hatari iko kwa asiyelipa, maana kila saa inayopotea katika kupambana na msimbo ule ni riba. Tangu hapo wataalamu huliita jambo hilo deni la kiufundi.

Tatizo la deni hili ni kwamba halionekani kwenye vitabu vya hesabu. Mkurugenzi huona mfumo unafanya kazi, naye mtunzi wa programu anayeomba wiki mbili za kupanga upya msimbo huonekana kama anayeomba likizo.

Kwa hiyo mwenye taasisi, hata asiyejua kuandika msimbo, anapaswa kuwauliza watu wake maswali matatu. Je, kiwango cha kodi kikibadilika kesho, mtabadilisha mahali pangapi? Je, mtajuaje kwamba hamkuharibu kingine? Na je, aliyeuandika mfumo huu akiondoka leo, nani mwingine anaweza kuusoma? Aidha, mkataba wa kutengenezewa mfumo ueleze kwamba mteja atakabidhiwa msimbo, historia yake na majaribio yake, wala si kitufe cha kuingilia tu.

Majibu yakiwa ya kusitasita, kazi ianze sasa, kidogo kidogo, kila badiliko linalofanywa likiacha msimbo ukiwa safi kuliko ulivyokutwa. Gharama yake ni saa chache kila wiki. Isipofanyika, gharama haitafutika bali itahamia kwa mgonjwa ambaye faili lake halionekani, kwa msafiri aliyekosa boti, na kwa karani anayehesabu fedha zake kwa mara ya nne jioni, akijua hakuiba na akikosa namna ya kulithibitisha hilo.